Simu wazi, simu yenye ratiba au kitochi: ipi ikufae?

Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alichapisha hesabu iliyowashangaza wengi. Alilinganisha saa ambazo akina mama wa nyumbani wa Marekani walizitumia kwa kazi za nyumbani miaka ya 1920 na zile za miaka ya 1960. Kati ya vipindi hivyo viwili zilikuwa zimeingia mashine za kufulia, majokofu na mashine za kufyonza vumbi. Saa hazikupungua. Nguo zikawa zinafuliwa mara nyingi zaidi, na nyumba ambayo zamani ingehesabiwa safi ikaanza kuonekana chafu. Kila kazi peke yake ilikuwa imepata wepesi, ila matarajio nayo yalipanda.

Naanzia huko kwa sababu mtu anayetaka kupunguza mbio za maisha yake kwa kawaida huilaumu kasi ya kifaa, kisha hukimbilia kununua kifaa kingine. Ujumbe kufika kwa sekunde moja hakumchoshi mtu. Kinachomchosha ni jibu kudaiwa kwa sekunde hiyohiyo. Barua ilipokaa wiki nzima njiani, hakuna aliyekuuliza kwa nini umeilaza siku mbili. Hata ujumbe mfupi wa kwanza wa simu, ambao Neil Papworth aliutuma tarehe 3 Desemba 1992 akitumia kompyuta, haukujibiwa, kwa kuwa simu iliyoupokea haikuwa na namna ya kuandika jibu. Deni la kujibu papo hapo lilikuja baadaye.

Ndiyo maana ulinganisho huu hautazami simu ipi ina kamera nzuri au betri kubwa. Swali ni moja: nani anapanga saa ya wewe kuangalia simu? Majibu yanayowezekana ni matatu. Ya kwanza ni simu wazi, yaani simu janja iliyoachwa kama ilivyotoka dukani, kila programu ikiruhusiwa kulia itakapo. Ya pili ni simu yenye ratiba: simu janja ileile, lakini arifa zake zimekusanywa zije kwa mafungu, na wachache tu ndio wanaoruhusiwa kukufikia wakati wowote. Ya tatu ni kitochi, simu ya vitufe ya kupiga na kutuma ujumbe mfupi.

Simu wazi

Wengi hatukuichagua, tuliikuta. Vifaa vya BlackBerry, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1999, viliwazoesha watu wa maofisini kuona barua pepe ikijileta yenyewe bila kwenda kuitafuta. Mwaka 2009 Apple ikaruhusu programu za kampuni nyingine kutuma arifa kwenye iPhone hata kama mwenye simu hajazifungua. Tangu hapo mchezo wa kompyuta, duka la mtandaoni na mwanao anayeumwa wanabisha hodi kwenye mlango mmoja, kwa mlio unaofanana.

Ina watu wake, na sitaki kuwabeza. Mkunga aliye zamu, dereva anayesubiri wateja, fundi ambaye kazi huenda kwa anayejibu kwanza: hawa kasi ya simu ndiyo riziki yao. Yupo pia mtu ambaye ukimya wa simu humtia hofu kuliko kelele zake, na kumlazimisha anyamazishe kila kitu ni kumtwisha mzigo mwingine.

Kwa waliobaki, gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa watu kazi inayohitaji umakini, kisha wakawatumia arifa katikati ya kazi. Waliopokea arifa walikosea zaidi, ingawa hawakuigusa simu wala kuiangalia. Mlio peke yake ulitosha kuamsha swali la "nani huyo?" Kwa hiyo anayejisifu kwamba simu yake inalia siku nzima na yeye haishughulikii, huenda bado anailipia.

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi sekunde 47 hivi. Kazi zake zinaonyesha pia jambo ambalo wauzaji wa dawa za haraka hulikwepa: sehemu kubwa ya kukatizwa huko mtu hujikatiza mwenyewe, bila mlio wowote. Mkono umekwisha kuzoea. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoendelea kuleta mapya kila unaposogeza kidole, unachangia. Aza Raskin, aliyebuni mtindo huo mwaka 2006, amekwisha kusema hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Halafu kuna tiki za bluu. WhatsApp ilizileta Novemba 2014, na malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba muda mfupi baadaye iliongezwa njia ya kuzizima. Naona hilo ndilo badiliko dogo lililoongeza mbio kuliko simu zote mpya zilizotoka mwaka ule. Kabla ya tiki, ukimya wako ungeweza kuwa na sababu elfu. Baada yake, ukimya ukawa na maana moja tu: umesoma, umenyamaza. Ukishikilia simu wazi, angalau zima tiki hizo. Hutaona tena za wenzako, na hiyo ni bei ya haki.

Simu yenye ratiba

Hapa nitakaa zaidi, maana ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa wengi, na ndilo linaloharibika kwa urahisi likipangwa vibaya.

Msingi wake una ushahidi. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwataka watu 124 waangalie barua pepe mara tatu tu kwa siku kwa wiki moja, na kwa wiki nyingine waangalie kadiri wanavyotaka. Wiki ya mara tatu, mkazo wa kila siku ulipungua. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake, Kushlev akiwemo, walienda mbele zaidi kwa jaribio la wiki mbili kwenye simu zenyewe. Kundi moja lilipata arifa kama kawaida, la pili kwa fungu la kila saa, la tatu kwa mafungu matatu kwa siku, la nne halikupata arifa yoyote. Waliopata mafungu matatu walijiona watulivu zaidi, wenye umakini na wenye mamlaka juu ya simu zao. Walionyimwa arifa zote hawakuvuna karibu chochote katika hayo. Wasiwasi uliwapanda, na hofu ya kupitwa na mambo ikaongezeka.

Matokeo ya kundi la nne ndiyo yanayofaa kuangaliwa na kila anayetaka kuzima kila kitu kwa hasira siku ya Jumatatu. Arifa zikikatwa zote, kinachobaki ni mkono unaoifuata simu kila baada ya dakika tano kuona kama kuna kitu. Kujua kwamba fungu linakuja saa saba mchana kunaupa mkono ruhusa ya kutulia.

Upangaji wenyewe hauhitaji programu ya kununua. iPhone zimekuwa na muhtasari wa arifa unaofika kwa saa ulizochagua tangu toleo la iOS 15 la mwaka 2021. Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, programu moja inaweza kugawanya arifa zake kwa aina, na wewe ukaruhusu aina moja ukafunga nyingine: ujumbe wa mtu mmoja mmoja upite, matangazo yasipite. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya inalazimika kuomba ruhusa kabla ya kuanza kukutumia arifa. Jizoeze kukataa kwanza. Ukiihitaji, mipangilio haitakukimbia.

Mlango wa dharura ndio utakaoamua kama mpango huu utadumu au utavunjika wiki ya kwanza. Hali ya Usinisumbue inakuruhusu kutaja watu ambao simu zao zitalia daima: mzazi, mwenzi, shule ya watoto. Kwa wasio kwenye orodha kuna kanuni ya mpigaji anayerudia. Kwenye iPhone, mtu yuleyule akikupigia mara ya pili ndani ya dakika tatu, simu italia. Kwenye Android muda huo ni dakika 15. Kanuni hiyo ni nzuri sana, lakini haimsaidii asiyeijua. Waambie watu wako kwa sentensi moja: "Ikiwa ni dharura, nipigie mara mbili." Wanaoshindwa na simu yenye ratiba mara nyingi wameshindwa hapo. Walinyamaza bila kumwambia mtu, ndugu wakadhani kuna ugomvi, maelezo yakachukua jioni nzima, na ratiba ikafutwa.

Jambo la pili ni vikundi. Ukihesabu kwa uaminifu nani anaijaza simu yako, utakuta mara nyingi si marafiki wala bosi. Ni vikundi vitatu au vinne ambamo huandiki kitu. Kikundi kinyamazishwe moja kwa moja, si kwa saa nane. Mwenye shida na wewe ndani ya kikundi atakutaja kwa jina au atakufuata pembeni. Huko kutoka kimyakimya ni chaguo jingine, lakini kila mtu anazijua siasa za vikundi vyake.

La tatu ni ujumbe wa sauti, ambao haukai vizuri kwenye fungu lolote. Ujumbe wa maandishi unaupitia kwa jicho na kujua kama unaweza kusubiri. Wa sauti lazima uusikilize hadi mwisho ndipo ugundue kwamba jambo lenyewe lilikuwa salamu. WhatsApp iliongeza njia ya kusikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili mwaka 2021, nasi tukapokea kwa furaha. Sasa rafiki anakueleza habari zake taratibu, na wewe unamsikiliza akikimbia. Ushauri wangu ni kuutengea ujumbe wa sauti wakati wake, mikono ikiwa na kazi nyingine kama kupiga pasi, na kuusikiliza kwa kasi aliyozungumza nayo mwenyewe.

Udhaifu wa chaguo hili ni kwamba simu bado ni ileile. Ukurasa usio na mwisho uko palepale, umbali wa mguso mmoja, na hakuna ratiba ya arifa inayomzuia mtu anayejikatiza mwenyewe. Vipimo vya muda wa skrini vilivyoingizwa kwenye iPhone na Android mwaka 2018 vinakuonyesha umekaa wapi kwa muda gani, lakini kikomo unachojiwekea unaweza kukivuka kwa miguso michache. Kinafaa kama kioo. Kama ukuta hakifai.

Kitochi

Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa kwa zaidi ya vipande milioni 250, na wengi walioishika wanakumbuka betri iliyokaa siku kadhaa na tochi iliyookoa safari za usiku. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilirudishwa sokoni kwa umbo jipya mwaka 2017, na soko la simu za kupiga tu halijafa. Hoja ya wanaozirudia ni rahisi: kisichokuwepo hakikuvuti. Hakuna haja ya nidhamu, hakuna mipangilio ya kuchezea, hakuna ukurasa wa kusogeza. Kwa mtu anayejikatiza mwenyewe, ambaye simu yenye ratiba imekwisha kumshinda, hakuna dawa yenye nguvu kuliko hii.

Lakini kuna jambo ambalo wanaoisifia hulisahau. Kitochi hakikupi wewe mamlaka juu ya saa ya kujibu, kinampa anayepiga. Ujumbe wa maandishi unakaa ukisubiri hadi umalize ulichokuwa unafanya. Simu inayolia inakutaka sasa hivi, na inamtaka na aliyepiga awepo sasa hivi. Watu waliozoea kukuachia ujumbe kwenye WhatsApp wakikukosa huko hawatanyamaza, watakupigia. Mtu mwenye watu wengi wanaomhitaji anaweza kuhamia kitochi na kukuta siku yake imekatwakatwa zaidi kuliko mwanzo. Kinamfaa mwenye watu wachache wanaompigia, au aliye tayari kukizima kwa saa maalumu, na hapo amekwisha kurudi kwenye ratiba kwa mlango wa nyuma.

La pili ni mzigo unaohamia kwa wengine. Tangazo la mkutano likipita kwenye kikundi, lazima awepo wa kukusomea. Tiketi ikitumwa kwa picha, lazima apatikane wa kukuonyeshea. Nyumba nyingi zenye mtu mmoja wa kitochi zina mtu mwingine, mara nyingi mwenzi, aliyegeuka kuwa karani wake bila kuombwa. Utulivu wa mmoja unalipwa kwa mbio za mwingine. Kama unaishi na watu, ulizeni pamoja kabla ya kuamua.

Namna ninayoiona ya maana zaidi ni kitochi mfukoni na kompyuta nyumbani au kazini. Barua pepe, ramani, benki na vikundi vinabaki kwenye kompyuta, na unavifikia kwa kukaa chini, kwa kusudi, kisha unanyanyuka. Hiyo ni simu yenye ratiba iliyojengewa ukuta halisi. Haimfai anayefanya kazi ya kuzunguka, lakini kwa mwandishi, mwanafunzi au mtu wa ofisi ni mpango unaoweza kudumu.

Huenda pia umesikia kwamba simu ikiwa mezani tu, hata imezimwa, inapunguza uwezo wa kufikiri. Utafiti wa mwaka 2017 ulisema hivyo, lakini majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote. Kuiweka chumba kingine hakuna hasara. Usinunue kitochi kwa sababu hiyo pekee.

Kama saa za kujibu zinapangwa na mwajiri

Yote hapo juu yanadhani uamuzi ni wako. Kwa mwajiriwa ambaye bosi wake huandika saa nne usiku, mipangilio ya simu ni nusu tu ya jambo, na nchi kadhaa zimekwisha kulikubali hilo kisheria. Ufaransa iliweka haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia Januari 1, 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao namna ya kuitekeleza. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa kumwekea wajibu mwajiri mwenyewe: asimsumbue mfanyakazi nje ya saa za kazi, isipokuwa kwa sababu isiyoepukika. Australia ilifuata Agosti 26, 2024. Huko mfanyakazi anaweza kukataa kusoma au kujibu ujumbe wa kazi nje ya saa zake, mradi kukataa huko kuwe na busara kwa mujibu wa cheo chake, malipo yake na uzito wa jambo.

Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, makubaliano ya ofisini hufanya kazi kuliko simu yoyote. Kikubaliwe kitu kimoja tu: jambo la haraka linapigiwa simu, linaloandikwa linasubiri asubuhi. Bosi anayelazimika kupiga simu usiku hufikiri mara mbili kuliko anayeandika tu na kulala.

Uchague ipi

Baki na simu wazi kama kipato chako kinategemea kujibu kwanza, au kama kuna mgonjwa unayemwangalia kwa mbali na watu wanaokupa habari zake hawatabiriki. Hata hapo, zima arifa za maduka, michezo na habari. Hakuna aliyewahi kupoteza mteja kwa kukosa arifa ya punguzo la viatu.

Chagua ratiba kama tatizo lako ni milio na vikundi, ukijua kwamba mambo mengi yanayokufikia yangeweza kusubiri kwa muda wa saa tatu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wengi walipo. Anza na mafungu matatu, orodha fupi ya watu wa dharura na ile sentensi ya kupiga mara mbili. Jipe wiki mbili kabla ya kuhukumu, kwa sababu siku za mwanzo utahisi unakosa kitu.

Chagua kitochi kama umejaribu ratiba, milio imekwisha, na bado unajikuta usiku wa manane ukisogeza kidole. Lakini kabla hujanunua, kagua mambo mawili yanayowakwaza wengi. La kwanza ni mtandao: baadhi ya kampuni za simu zimekwisha kuzima 2G, kama AT&T ya Marekani iliyofanya hivyo mwaka 2017, na kitochi cha zamani kitabaki tochi tu mahali kama hapo; tafuta kinachoshika 4G. La pili ni namba za usalama za kuingilia benki na barua pepe. Zinazokuja kwa ujumbe mfupi zitafika bila shida. Zinazotolewa na programu ndani ya simu janja hazitafika, kwa hiyo badilisha njia ya uthibitisho kwenye kila akaunti ukiwa bado na simu ya zamani mkononi, ndipo uhamishe laini.